Wa Tano Kwenye Jedwali

Mwaka 2019 nilikuwa mmoja wa watu watatu tuliopewa kazi ya kuchagua timu ya sataranji ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi kwenye mashindano ya timu. Nafasi zilikuwa tano: wanne wa kukaa mezani na mmoja wa akiba, mpangilio uleule wa Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya dunia ya timu za mataifa. Mimi nasomesha hisabati katika shule ya upili ng'ambo ya Likoni. Wa pili wetu alikuwa mzee fundi saa wa Mji wa Kale; saa zetu zote za mchezo zilipita mikononi mwake, na matokeo yote aliyaandika yeye katika daftari la jalada gumu. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara aliyejitolea nauli.

Tulichezesha ligi Jumamosi tisa mfululizo katika ukumbi mmoja wa Majengo. Wachezaji kumi, kila mmoja akutane na wenziwe wote. Wa kwanza alimaliza na alama 7.5, wa pili 7, wa tatu 6.5. Hao hawakuwa na mjadala. Waliofuata walilingana kwa 5.5: kijana wa Changamwe na binti wa miaka 15 wa Kisauni. Wa sita alikuwa na 4.5. Huyo wa sita alikuwa mwanafunzi wangu, nimemfundisha mwenyewe tangu akiwa hajui farasi anavyoruka, na katika ligi hiyohiyo binti wa Kisauni alimfunga.

Tulipokaa kuandika majina tuliwaandika watatu wa juu, tukamwandika kijana wa Changamwe, kisha tukamwandika mwanafunzi wangu.

Sababu zilikuwepo, na usiku ule zilionekana za busara. Mwanafunzi wangu alishacheza Nairobi mara mbili na alikuwa na reitingi, ile nambari rasmi ya kupima nguvu ya mchezaji. Binti hakuwa nayo. Safari ni ya kulala, na binti hawezi kusafiri na wavulana wanne bila mwanamke mtu mzima wa kufuatana naye, kwa hivyo hiyo ni nauli ya ziada. Tena wasichana wana mashindano yao. Tena bado mdogo, zamu yake itafika. Hilo la mwisho nililisema mimi. Fundi saa alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa binti, akasema, “Daftari lasema jengine, mwalimu.” Hakuongeza neno. Tulikuwa wawili kwa mmoja, na majina yakatangazwa kesho yake.

Jumatatu jioni mamake binti alinisubiri nje ya lango la shule. Alikuwa amevuka feri kutoka kisiwani baada ya kutoka Kisauni, na siku nzima amesimama kwenye meza yake ya mahamri na mbaazi. Mkononi alikuwa na daftari la mtoto, lile la mistari la kurasa 48.

“Masalkheri mwalimu.”

“Masalkheri mamangu, karibu.”

“Sikuja kugombana,” akasema. “Nimekuja kuuliza hesabu. Mimi mchezo wenyewe siujui. Lakini mwanangu kila Jumamosi akirudi huandika humu, nami nimejumlisha mara tatu. Yuwatoka wa nne ama wa tano, wa sita hawi. Nyinyi mumejumlisha vipi?”

Nikamjibu, “Mama, tuliangalia mambo mengi.”

“Yapi?”

Nilisimama pale nikayapitia moyoni moja moja, na kila nililolishika lilinikatikia kabla halijafika mdomoni. Reitingi? Angeniuliza tulitangaza lini kwamba reitingi itahesabiwa. Nauli ya msindikizaji? Angeniuliza mbona hatukumwambia mapema, amtafute shangazi wa mtoto. Uzoefu? Angeniuliza mtoto aupate wapi uzoefu asipopelekwa. Nami ni mwalimu wa hisabati. Mwanafunzi akiniletea jibu bila njia, simpi alama hata likiwa sahihi. Mama yule alikuwa na njia yote mkononi, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa na jibu tu. Alingoja, akaona silisemi, akalifunga daftari. “Haya mwalimu. Ahsante kwa wakati wako.” Akarudi kwenye foleni ya feri.

Timu ikaenda Nairobi, na hapa nataka niseme ukweli wote: mwanafunzi wangu alicheza vizuri. Alipata alama 3.5 katika michezo mitano, na timu ilirudi na heshima. Watu walitupa mkono, wakasema kamati ilikuwa na jicho. Kwa muda mrefu matokeo yale ndiyo yaliyonifunga mdomo. Kila nilipomkumbuka mama wa Kisauni nilijiambia, lakini si tulishinda? Ilinichukua muda kuelewa kwamba zile 3.5 hazijibu swali aliloniuliza. Binti angepata ngapi? Hakuna ajuaye, kwa sababu hakupewa kiti. Njia mbovu ya kuchagua haifichuki kirahisi, maana aliyeachwa hana mchezo wa kuonyesha.

Binti hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile nyengine. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga kumbi zote, na sote tukawa hatuji.

Mwaka 2021 nilimpitia fundi saa dukani, tukaenda pamoja Kisauni kuwaomba radhi. Mama alitutilia chai. Binti alikuwa amekua, akajibu kwa adabu kila tulichomuuliza, na mwisho akasema neno ambalo mpaka leo nikiwa peke yangu hunirudia: “Mwalimu, mimi sikuumia kwa kuachwa. Nilirudia michezo yangu yote tisa, hatua kwa hatua, nikitafuta kosa lililoniwachisha. Nilitafuta mwezi mzima.”

Mcheza sataranji akishindwa hufanya hivyo. Hurudi kwenye ubao, akaupanga mchezo tena, akatafuta pale mkono ulipoteleza, na akipaona hulala. Tulimfanya mtoto atafute kwenye ubao kosa ambalo halikuwa kwenye ubao.

Tangu siku ile nimezifikiria zile sababu zetu moja moja, na ile ya reitingi ndiyo iliyonisumbua zaidi kwa kuwa inafanana na haki. Reitingi naipenda. Aliyeitunga, Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyesomesha fizikia huko Milwaukee, Marekani, alitaka nambari inayotabiri: wachezaji wawili wakipishana kwa pointi 200, mwenye nyingi hutarajiwa kuchukua kama asilimia 76 ya alama watakazogombania. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliipokea hesabu hiyo mwaka 1970. Lakini nambari hiyo haimjui mtu ambaye hajacheza mashindano yanayohesabiwa, na mengi ya hayo kwetu huchezwa Nairobi. Mwanafunzi wangu alikuwa na reitingi kwa sababu babake ana kazi bandarini na alimlipia safari mbili. Binti hakuwa nayo kwa sababu mamake auza mahamri. Tuliposema “huyu ana reitingi” tulidhani tunapima uwezo wa mtoto, kumbe sehemu kubwa ya tulichopima ni mfuko wa mzazi.

Hata pale ambapo kila mtu anayo, kanuni isiyotaja orodha ya mwezi gani itatumika haijasema kitu. Tangu 2012 FIDE hutoa orodha mpya kila mwezi. Machi 2024 iliwapandisha kwa mkupuo wachezaji walio chini ya 2000, na kima cha chini kikatoka 1000 kikawa 1400. Aliyelala Februari akiwa na 1600 aliamka Machi ana 1760 bila kusogeza kete. Aliyekuwa na 1400 akawa na 1640, kwa hivyo pengo la pointi 200 kati yao likabaki 120. Kamati iliyoandika “awe na 1700 kwenda juu” bila kutaja mwezi ingemkuta mtu huyohuyo mmoja hafai na anafaa, na kila upande ungekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ile ya “wasichana wana mashindano yao” naiona aibu tupu. Mwaka ule hapakuwa na timu ya wasichana ya kupeleka. Tulimwelekeza kwenye mlango usiokuwepo. Na mlango wa wazi ni wa wote. Judit Polgár wa Hungaria alikuwa na miaka 12 pale Thessaloniki mwaka 1988 alipochukua alama 12.5 katika michezo 13 kwenye Olimpiadi ya wanawake, na mwaka 2002 kule Bled aliketi na wanaume katika timu ya Hungaria iliyotwaa nishani ya fedha. Jirani yetu Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, alirudi kutoka Olimpiadi ya Istanbul mwaka 2012 akiwa na cheo cha FIDE. Kuna mtu aliyempa kiti kabla hajawa na jina. Nani alijua pale mwanzo?

Na ile ya “zamu yake itafika” siwezi kuitetea kwa lolote. Mtoto wa kidato cha pili ana mitihani, ana mzazi anayehesabu shilingi, ana mwaka ujao ambao hakuna aliyemwahidi. Zamu haikufika.

Nchi hii tunajua kushindwa kwa haki kulivyo. Mwaka 2012 Eliud Kipchoge alikosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya London. Alikimbia, wenzake wakamtangulia, saa ikasema. Akahamia marathoni, na 2016 akashinda dhahabu Rio. Hakuhitaji kumwendea mtu langoni kuuliza hesabu. Sataranji nayo ina saa na ina alama kama riadha, na sioni kwa nini sisi tupende zaidi jicho la mzee fulani.

Ila nisiseme kama kwamba jedwali ni mwisho wa maneno. Ile asilimia 76 ina upande wa pili: aliye dhaifu kwa pointi 200 bado hutarajiwa kuokota alama 24 katika michezo mia. Michezo mitatu ya siku moja yaweza kumtupa nje mchezaji bora na kumwingiza mwengine, na pasiwe na aliyekosea. Ndiyo maana mchujo wa siku moja hauniridhishi, uwe wa timu ya mtaa au ya taifa. Raundi tisa za kila mtu na kila mtu hazikosi dosari, lakini zinampa mtu nafasi ya kuamka vibaya Jumamosi moja na bado akafika.

Mwaka 2022 tuliporudi ukumbini nilisema sichagui tena mtu mpaka tuandike kanuni. Tuliandika kwa wiki tatu, kwenye baraza ya fundi saa, na tuligombana sana. Watu hudhani ugumu uko kwenye hesabu. Hesabu ilituchukua jioni moja: wakilingana, tazama kwanza mchezo wao wenyewe kwa wenyewe, kisha nani ameshinda michezo mingi zaidi, na ikibaki sare wacheze miwili ya haraka, kila mmoja aanze na nyeupe mara moja. Ugumu ulikuwa kwenye feri. Mchezaji wa Likoni akichelewa kwa sababu feri imekwama, saa yake ianze? Tukakubaliana kungoja nusu saa kisha ndipo mtu ahesabiwe hakuja. Ugumu ulikuwa kwenye siku. Wasabato Jumamosi hawachezi, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini miaka yote hatukuwa na mchezaji Msabato. Tukahamia Jumapili alasiri. Ramadhani raundi zikawa usiku, baada ya tarawehe. Raundi tatu zikawekwa kisiwani, tatu bara ya kaskazini, tatu Likoni, ili mzigo wa nauli uzunguke.

Palipotokea moto hasa ni kwenye nafasi ya tano. Mfanyabiashara alitaka nafasi moja iwe ya kamati. Nilikataa kwa sauti kubwa kuliko nilivyopaswa, maana nilijua kiti kile hupewa nani. Yeye akanipa mfano wa kijana aliyelazwa kwa malaria Jumamosi mbili, akapoteza alama mbili kitandani. Jedwali lingemwacha, na yeye alikuwa na nguvu kuwashinda wote waliobaki. Sikuwa na jibu. Tukaafikiana hivi: wanne watoke kwenye jedwali, wa tano kamati yaweza kumpita aliye wa tano, lakini iandike sababu, na karatasi ibandikwe mlangoni kabla tikiti hazijakatwa, ili aliyepitwa awe na siku saba za kuipinga. Na mjumbe ambaye mwanafunzi wake au jamaa yake anatajwa atoke nje ya chumba. Kanuni hiyo ya mwisho niliiomba mimi, na fundi saa aliiandika kwa mwandiko mkubwa.

Mzazi mmoja aliye wakili alipoisoma rasimu alitwambia kwamba hatujavumbua kitu. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, humpa mtu ambaye haki yake inaathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Michezo ya 2013, kifungu cha 58, inataja waziwazi rufaa ya mtu ambaye hakuchaguliwa katika timu ya Kenya, ipelekwe mbele ya jopo la kusuluhisha mizozo ya michezo pale ambapo kanuni za shirikisho la mchezo zinaruhusu. Nilifurahi kusikia, na pia nilihuzunika. Wachezaji wangapi wanalijua hilo? Na kwa mtoto, siku ya rufaa mara nyingi huwa ndege imeshapaa. Dawa lazima inywewe mapema, kabla raundi ya kwanza haijachezwa.

Tangu hapo nimewasindikiza vijana wetu kwenye michujo ya Nairobi, na huko nimeona jinsi umbali unavyoweza kuchagua timu kabla ya kamati kukaa. Tangu Januari 2024 tikiti ya treni ya SGR, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 kwenda, na kurudi nyingine kama hiyo. Mchujo wa wikendi nne ni 12,000 kabla mtu hajala wala hajalala, na kabla ya matatu ya kwenda kituo cha Miritini. Anayepanda treni ya usiku hufika kituo cha Syokimau, upande wa Nairobi, kabla hakujapambazuka, akakaa kwenye benchi na begi mapajani, na asubuhi hiyohiyo yuko mbele ya ubao na mtu aliyelala kitandani kwao. Wote wawili wamefuata kanuni moja. Kwenye karatasi hakuna aliyependelewa. Mimi nasema mchujo wa taifa uliowekwa wote katika mji mmoja ni mchujo wa wenye jamaa na wenye nauli katika mji huo, hata kanuni zake zikiwa safi namna gani. Hatua ya kwanza ichezwe mikoani, Mombasa, Kisumu, Eldoret, tarehe zijulikane miezi mitatu kabla, na wanaofuzu walipiwe safari ya kwenda fainali. Ni ghali, najua. Lakini gharama hiyo haipotei ikiachwa, huhamishwa tu, ikabebwa na mama muuza mahamri.

Mwaka 2023 mdogo wake binti wa Kisauni, mvulana wa miaka 11, alisema anataka kucheza. Raundi ya kwanza ilikuwa upande wa kaskazini, Jumapili. Mamake alimleta mwenyewe. Sikujua nimsalimu vipi, nikasema “Karibu mamangu,” naye akaitikia vizuri. Hakukaa. Alikwenda mlangoni palipobandikwa kanuni, akavaa miwani, akazisoma toka juu hadi chini, kidole kikifuata. Kisha akatoa simu akazipiga picha.

“Mwalimu, nauli ya anayefuatana na msichana mumeitia wapi?”

“Nambari sita, mama.”

Akarudi kusoma nambari sita, polepole. Alipomaliza alivua miwani, akavuta kiti akakiweka nyuma ya mwanawe, akatoa daftari la mistari mkobani na kalamu.